Jinsi ya Kusoma Majibu ya Protini za Damu kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Viungo

Mtu anayetoka maabara na karatasi ya majibu mkononi huwa na swali moja tu kwa anayemkabidhi: "Ni nzuri au ni mbaya?" Kwa malaria swali hilo lina jibu, kwa sababu vimelea ama vimeonekana ama havikuonekana. Kwa magonjwa ya muda mrefu yanayouchoma mwili kutoka ndani, kama baridi yabisi, lupasi, ugonjwa wa Crohn wa matumbo na ule wa kukakamaa kwa uti wa mgongo, namba moja ya siku moja haiwezi kulijibu. Anayetaka kujua kama maji yanapwa au yanajaa hatazami mara moja akaondoka. Huweka alama kwenye ukuta wa gati, akasubiri, kisha akatazama tena. Protini za damu nazo husomwa vivyo hivyo.

Nafanya kazi ya maabara hapa Lamu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimwuguza shangazi yangu mwenye baridi yabisi, kwa hiyo karatasi hizi nimezijua pande zote mbili, upande wa anayeziandika na upande wa anayezipokea. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mgonjwa na kwa yule anayemshika mkono kushuka ngazi za jahazi, kwa kuwa mara nyingi huyo wa pili ndiye anayebeba bahasha na ndiye atakayeulizwa na daktari.

Protini zenyewe na kazi yake

Kwanza tuliondoe kosa moja ambalo jina lenyewe la ugonjwa hulileta. "Baridi yabisi" ni jina la utabibu wa kale, maana yake baridi na ukavu, na ndiyo maana watu wetu huulaumu upepo wa kusi au kulala sakafuni. Kinachotokea hasa ni kwamba kinga ya mwili hukosea, ikaushambulia utando laini unaozunguka viungo, na utando huo ukavimba, ukapata joto na kuuma. Hali hiyo ya uvimbe, joto na maumivu itokanayo na kinga ndiyo inayoitwa inflamesheni. Seli za kinga zilizo katika mapambano hayo hutoa protini ndogo za kupeleka ujumbe, na mojawapo, iitwayo intalukini-6, husafiri katika damu hadi kwenye ini. Ini likipokea ujumbe huo hubadili shughuli zake: baadhi ya protini huzizidisha katika damu, nyingine hupunguza utengenezaji wake. Kwa hiyo tunachopima maabara si kidonda cha kiungo chenyewe. Tunapima jinsi ini lilivyousikia ugomvi unaoendelea mahali pengine mwilini. Ini halisemi ugomvi uko wapi wala ni wa nani, na jambo hili ni la kukumbukwa hadi mwisho.

Protini inayopimwa zaidi ni ile inayoandikwa kwenye karatasi kwa herufi CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia wakaona kwamba ina kitu kinachoshikamana na sukari iliyo katika ukuta wa bakteria wa ugonjwa huo. Sukari hiyo waliipa herufi C, na protini ikairithi. Pamoja nayo ipo fibrinojeni, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusaidia damu kuganda, na ambayo nayo huongezeka wakati wa inflamesheni. Albumini ni kinyume chake: yenyewe hupungua.

Kabla ya kutoa damu

CRP na ESR, yaani kipimo cha kasi ya seli nyekundu za damu kutuama, hazihitaji mtu kukaa na njaa. Nimeona wazee waliotoka Matondoni alfajiri bila hata kikombe cha chai, wakasubiri hadi adhuhuri wakiwa wamelegea, kwa sababu waliwahi kupimwa sukari zamani wakadhani kila kipimo ni hivyo. Kunywa maji, kwa kuwa mishipa huonekana vizuri, na katika mwezi wa Ramadhani kunywa ya kutosha wakati wa daku kisha uwahi asubuhi.

La muhimu zaidi ni yale utakayoyasema kabla ya sindano. Mweleze anayekuhudumia kama wiki hizo umekuwa na homa, kikohozi, jino bovu, kidonda au malaria, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuipandisha CRP bila baridi yabisi kuhusika. Mweleze kama una mimba. Taja dawa zote, na nasisitiza zote, pamoja na vile vidonge vidogo vinavyouzwa dukani kwa watu wenye maumivu ya maungo. Vingi kati ya hivyo ni prednisoloni au jamaa zake, na huishusha CRP kwa haraka, hata mtu akaonekana amepona ilhali ugonjwa umefunikwa tu. Wala usiviache ghafla ukisoma maneno haya: mwili uliovizoea kwa wiki nyingi hudhurika vikikatwa mara moja, na kupunguza ni kazi ya daktari.

Kwa wanaotoka visiwani kuna neno la ziada. Kipimo cha ESR kinataka damu iliyo hai. Damu iliyotolewa Faza au Kizingitini na kuachwa katika joto la kawaida inapaswa kuwekwa kwenye mrija wa kipimo ndani ya saa 4, na boti halingojei saa za maabara. CRP hupimwa kwenye seramu, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, ambayo ikishatenganishwa na seli na kuhifadhiwa kwenye friji hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Kwa hiyo, kama sampuli ndiyo itakayosafiri, omba CRP. Kama ni wewe utakayesafiri, vipimo vyote viwili vinawezekana.

Kusoma CRP

Anza na kipimio, yaani yale maneno yanayofuata namba kama "miligramu kwa lita", usianze na namba. Hili nalisema kwa uchungu. Shangazi alipimwa hapa kwetu, CRP ikatoka 42. Miezi miwili baadaye alikuwa Mombasa kwa mwanawe, akapimwa katika maabara nyingine, karatasi ikaandika 4.2. Nyumba nzima ilifurahi, dawa akaziacha, na hakuna aliyemweleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa miligramu kwa lita na ya pili ilikuwa miligramu kwa desilita. Desilita ni sehemu moja ya kumi ya lita, kwa hiyo 4.2 ya desilita ni sawasawa na 42 ya lita. Hakuna kilichokuwa kimeshuka. Alipoteza wiki 5 bila dawa, na vidole viwili vya mkono wa kulia havijanyooka tena tangu hapo. Kabla ya kulinganisha namba mbili, weka kidole kwenye kipimio cha kila moja. Iliyo kwa desilita izidishe kwa 10 ndipo uilinganishe na ya lita.

Watu wazima wengi wenye afya huwa chini ya miligramu 3 kwa lita, na karatasi nyingi huweka mpaka wa kawaida kwenye 5 au 10. Baridi yabisi iliyochachamaa huweza kuipeleka kwenye makumi. Ikivuka 100, fikiria kwanza maambukizi ya bakteria kabla ya kuulaumu ugonjwa wa viungo, na usikae nayo nyumbani. Unene, sigara na ufizi wenye ugonjwa huiinua kidogo kwa muda mrefu, kwa hiyo aliyeshinda kwenye 7 au 8 mwaka mzima si lazima awe anaungua viungo.

Uzuri wa CRP ni wepesi wake. Huanza kupanda saa chache baada ya tukio, hufika kileleni kwa siku mbili hivi, na chanzo kikiisha nusu yake huondoka katika damu kila saa 19 takriban. Kwa hiyo kama ilikuwa 80 kwa sababu ya jipu, na jipu likapasuliwa vizuri, baada ya siku tatu au nne inapaswa kuwa imeporomoka. Isiposhuka, kuna kitu kimebaki. Wepesi huohuo ndio unaoifanya isiaminike kwa namba moja: mafua makali ya juzi yanaweza kuwa ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi yako ya leo. Namba ikikushangaza huku mwili haujabadilika, rudia baada ya wiki mbili kabla hujabadili lolote.

Kusoma ESR

Kipimo hiki ni cha zamani na ni cha kutazama kwa macho, na mimi binafsi nakipenda kwa sababu mgonjwa anaweza kuonyeshwa. Robin Fåhraeus wa Uswidi aliona mwaka 1918 kwamba damu ya wanawake wenye mimba hutuama upesi kuliko ya wengine, na Alf Westergren akaeleza mwaka 1921 njia inayotumika hadi leo. Damu iliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda hujazwa kwenye mrija mwembamba wenye alama za milimita hadi 200, ukasimamishwa wima na kuachwa kwa saa moja. Seli nyekundu huzama polepole, na juu yake hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu, kama samli iliyoyeyuka. Saa ikitimia, unasoma maji hayo yana milimita ngapi. Fibrinojeni ikiwa nyingi, seli hushikana na kurundikana mithili ya sahani zilizopangwa kabatini, na rundo huzama upesi kuliko seli moja moja.

Siku moja nilimwita shangazi aje atazame mrija wake. Nusu saa ilikuwa haijatimia na maji ya juu yalikuwa yameshapita alama ya 30. Alitazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo ndiyo inayonizuia kusuka ukili?" Nikamwambia kwamba hicho ndicho kivuli chake.

Mrija ukiegemea hata kidogo, seli huteleza upande mmoja na namba hupanda kwa uongo. Chumba chenye joto kali nacho huharakisha, na jua la Lamu linaloingia dirishani mchana latosha kuharibu kipimo. Una haki ya kuuliza kwa adabu kama mrija ulisimama wima na mbali na jua. Fundi mzuri hatachukia.

Mpaka wa kawaida hutegemea umri na jinsia. Kanuni ya haraka ni hii: kwa mwanamume gawa umri kwa 2, kwa mwanamke ongeza 10 kwenye umri kisha gawa kwa 2. Bwana wa miaka 60 mpaka wake ni 30, na bibi wa umri huohuo mpaka wake ni 35. Upungufu wa damu huipandisha ESR, mimba pia. Ugonjwa wa selimundu huishusha, kwa kuwa seli zenye umbo la mundu haziwezi kupangana kama sahani, na katika ukanda wetu wa pwani ambako selimundu si jambo geni, ESR ya chini kwa mgonjwa wa namna hiyo isimtulize mtu. ESR pia ni nzito kugeuka. CRP ikishuka kwa siku, ESR hungoja wiki, kwa sababu fibrinojeni hukaa katika damu muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: CRP imeshuka na ESR bado iko juu. Mara nyingi maana yake ni kwamba moto umezimika karibuni na moshi haujaisha. Lakini kuna hali nyingine inayostahili kujulikana, nayo ni lupasi. Katika lupasi ESR huweza kuwa juu sana huku CRP ikiwa ya kawaida au imezidi kidogo tu, hata mgonjwa anapoumwa. Kwa hiyo mwenye lupasi ambaye CRP yake imeruka ghafla, hasa akiwa na homa, achunguzwe upesi kama ana maambukizi. Na katika ugonjwa wa kukakamaa kwa uti wa mgongo, wengi huwa na vipimo vyote viwili safi ilhali mgongo unakakamaa; kijana anayeamka usiku kwa maumivu ya kiuno yanayopungua anapotembea asirudishwe nyumbani kwa sababu tu CRP yake ni 3.

Feritini, albumini na kingamwili

Feritini ni protini inayohifadhi madini ya chuma, na ndiyo inayopotosha watu wengi. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu wa chuma. Lakini inflamesheni huipandisha feritini hata pale ambapo chuma ni kidogo, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliweka mpaka wa 70 kwa mtu mzima mwenye maambukizi au inflamesheni. Mama mwenye CRP ya 38 na feritini ya 50 ataambiwa na karatasi kwamba chuma chake kinatosha, na yawezekana kabisa hakitoshi. Usiisome feritini bila CRP ya siku hiyohiyo.

Albumini hupungua polepole. Ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita, daktari atataka kujua kama ni inflamesheni ya muda mrefu, ini, lishe, matumbo, au figo zinazoivujisha kwenye mkojo. Kwa mwenye ugonjwa wa miaka mingi nashauri mkojo upimwe protini angalau mara kwa mara, kwani inflamesheni isiyodhibitiwa kwa miaka huweza kurundika mabaki ya protini kwenye figo na kuziharibu kimyakimya.

Vipo vipimo viwili vya kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na kinga yenyewe: RF na anti-CCP. Hivi husaidia kutambua ugonjwa ni upi, havipimi umewaka kiasi gani leo. RF huonekana pia kwa baadhi ya wazee wazima wa afya na kwa watu wenye maambukizi ya muda mrefu kama kifua kikuu, kwa hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa na baridi yabisi, na kukosekana kwake hakumwondolei. Anti-CCP ni ya kuaminika zaidi. Nimeona familia ikilipia RF kila miezi mitatu ili kuona kama "imeisha". Fedha hizo zingelipia CRP, ambayo ndiyo inayosogea.

Kuweka daftari

Chukua daftari la shule la kurasa chache. Kila unapopimwa andika tarehe, jina la maabara, CRP pamoja na kipimio chake, ESR, kiwango cha damu, dawa unazotumia na kipimo chake, na kama kulikuwa na homa au maambukizi. Kisha andika mambo mawili ambayo hakuna maabara inayoweza kuyaandika kwa niaba yako. La kwanza ni muda wa kukakamaa asubuhi. Wengi hujibu "kitambo", na kitambo hakimsaidii daktari. Sisi pwani tuna saa nzuri kuliko zote: ukiamka kwa adhana ya alfajiri, mikono huweza kutia udhu saa ngapi bila kusaidiwa? Shangazi mwanzoni aliandika kwamba vidole vyake vilikuwa havishiki birika hadi jua limepanda, yapata saa mbili asubuhi. La pili ni idadi ya viungo vilivyovimba, ukihesabu kwa kubonyeza kila kiungo, si kwa kukumbuka maumivu.

Namba za damu zikishuka na dakika za kukakamaa zikapungua, dawa inafanya kazi. Namba zikishuka huku asubuhi haijabadilika, mwambie daktari waziwazi, kwa sababu viungo vinaweza kuendelea kulika huku damu imetulia. Kumbuka pia kwamba dawa za maumivu kama diklofenaki hupunguza uchungu bila kuuzuia ugonjwa wenyewe, ilhali zile za kutuliza kinga, kama methotreksati inayomezwa mara moja tu kwa wiki, huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha faida. Ugonjwa ukiwa umewaka, tathmini hufanywa kila mwezi 1 hadi 3; kama hakuna nafuu yoyote baada ya miezi 3, au lengo halijafikiwa kwa miezi 6, matibabu hubadilishwa. Aliye Lamu na ambaye mtaalamu wake yuko Mombasa anaweza kupima hapa wiki moja kabla ya safari, ili asipande basi Mokowe akafika huko na daftari lisilo na namba mpya. Jitahidi upimwe maabara ileile kila mara.

Hali moja haingoji karatasi: kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku, kwa kuwa bakteria ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache. Anayetumia dawa za kutuliza kinga awahi zaidi, na anayepewa dawa za kuzuia intalukini-6 ajue kwamba CRP yake inaweza kubaki chini hata akiwa na maambukizi makali, kwa sababu mlango ambao ini hupokelea ujumbe umefungwa.

Daftari lenyewe lifunge ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, na kila ukurasa mpya upige picha kwa simu ya mtu wa nyumbani. La kwanza la shangazi lilirowa maji ya chumvi kwenye kivuko cha Mokowe, wino ukatapakaa, na hadi leo hatuijui CRP yake ya mwezi aliobadilishiwa dawa.